Chuo Kilipoteremka Bondeni

Katogota iko kando ya Barabara ya Taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, ndani ya bonde la Ruzizi. Mashariki kuna mto, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Magharibi milima ya Bafuliiru inapanda ghafla. Kusini barabara inateremka hadi Sange, Kiliba na Uvira penye ziwa. Kaskazini inakwenda Kamanyola, kisha inapanda miinuko ya Ngomo kuelekea Bukavu. Ni kijiji cha mpunga, mihogo, mahindi na nyanya. Nilikulia hapo nikitazama magari yakiwapeleka watoto wa watu kusoma mbali.

Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuingia chuo kikuu alikuwa baba mdogo. Aliondoka katikati ya miaka ya 1970, wakati vyuo vikuu vyote vya nchi vilipobeba jina moja, Université Nationale du Zaïre, UNAZA. Serikali ilikuwa imeviunganisha mwaka 1971 vile vitatu vya zamani: Lovanium ya Kinshasa iliyofunguliwa 1954, chuo cha Lubumbashi cha 1956 na kile cha Kisangani cha 1963. Kila kampasi ilipewa fani zake, na aliyetaka kusoma historia alipelekwa Lubumbashi, atoke popote. Basi baba mdogo alipanda lori hadi Uvira, akangoja meli bandarini Kalundu, akashuka na ziwa hadi Kalemie, kisha akashika treni ya kwenda Lubumbashi. Alitusimulia safari hiyo jioni nyingi. Sisi watoto hatukuwa na haja na treni.

"Mlikula nini huko, baba?" tulimuuliza.

Hapo ndipo alipochangamka. Alikuwa na kitanda chake mwenyewe, kadi ya kulia mkahawani, na bursa ya serikali mfukoni. Maktaba ilikuwa na vitabu vingi kuliko alivyoweza kuvisoma. Miongoni mwa walimu wa kampasi ile alikuwamo V. Y. Mudimbe, ambaye baadaye vitabu vyake vilisomwa dunia nzima. Baba mdogo alirudi na shahada na sanduku la vitabu, akafundisha sekondari mpaka nguvu zikamwishia, na kila aliyepita mikononi mwake anajua kuandika barua ya Kifaransa isiyo na kosa.

Lakini alikuwa mkweli pia. Alituambia kwamba darasani kwake walikuwapo wenzake wenye akili kama yeye au kumzidi, nao walibaki kulima pamba kwa kuwa nafasi zilikuwa chache na Lubumbashi ni mbali. Kutoka Katogota ya wakati ule sikumjua mwingine aliyefika huko. Mwanamke hakuwapo hata mmoja. Watu wa rika langu wanapousifia ule uzuri wa UNAZA, ninawaelewa, maana nami nililelewa kwa masimulizi yake. Hata hivyo ulikuwa uzuri uliomfikia mtu mmoja katika kijiji kizima.

Nilizaliwa 1982, mwaka mmoja baada ya UNAZA kuvunjwa na kila kampasi kurudi kuwa chuo chake. Nilipofika shule ya msingi, bursa ilikuwa hadithi ya wazee. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikosa maana, na wazazi wakaanza kuchanga ili walimu wasiondoke darasani. Mchango ule ulianza kama dawa ya muda. Ukakaa. Ukapanda kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu, ukapewa majina mengi, minerval, prime, frais, na mama zetu ndio waliokuwa wizara ya fedha ya elimu hiyo. Msimu wa mpunga ulihesabiwa kwa minerval: magunia haya ni ya mkubwa, haya ya mdogo, yanayobaki ndiyo chakula.

Katika miaka hiyohiyo mlango mwingine ulifunguka. Mwaka 1989 serikali iliruhusu vyuo vikuu vya binafsi, na Bukavu ikapata chuo cha Kikatoliki na kile cha Kiprotestanti. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kikafungua tawi Bukavu, lililoitwa Centre Universitaire de Bukavu, na mwaka 2004 tawi hilo likasimama peke yake kama Université Officielle de Bukavu. Kabla ya hapo Bukavu ilikuwa na taasisi za juu za serikali, kama ile ya ualimu, ISP, lakini chuo kikuu cha serikali hakikuwapo Kivu Kusini yote. Nasema hivi kwa wanaodhani upanuzi ulikuwa anasa ya wanasiasa. Mtoto wa Uvira mwaka 1992 aliyetaka kusoma udaktari katika chuo cha serikali alipaswa kuvuka nusu ya nchi, na barabara za kuvukia hazikuwapo.

Tarehe 14 Mei 2000 watu wenye silaha waliingia Katogota wakaua. Wenyeji huhesabu waliokufa kuwa zaidi ya 300, na kila mwaka tunawakumbuka. Nilikuwa Uvira shuleni. Sitasimulia nilichokikuta niliporudi. Ninachotaka kukiandika hapa ni kilichofuata, ambacho watu wa nje hawakukiona: wajane wa kijiji wakashika elimu ya watoto kwa mikono miwili. Mashamba mengi yalikuwa hayaendeki kwa hofu, ng'ombe walikuwa wameibwa, na kazi pekee zenye mshahara zilikuwa za mashirika mjini Uvira, ambako waliuliza kwanza una cheti gani. Mama yangu alisema wanawe wote watapata diploma ya serikali hata kama itabidi alime shamba la mwingine. Mwaka uliofuata nilifaulu mtihani wa taifa, nikaitwa D6 kama wote wenye diploma hiyo, nikaenda Bukavu kusoma biolojia.

Chuo nilichosomea sitakitaja, kwa kuwa hakikuwa kibaya kuliko vingine na walimu wake walifanya walichoweza. Darasani tulijazana mpaka madirishani. Aliyechelewa alisikiliza kwa sauti tu, maana ubao hakuuona. Kwa somo la chembe hai tulikuwa na hadubini moja inayofanya kazi. Tulipanga foleni, kila mmoja akaweka jicho kwa muda mfupi sana, akampisha mwenzake, kisha akachora kutoka kwenye silabusi kile alichopaswa kuwa amekiona. Nilimaliza graduat, ngazi ya kwanza ya wakati ule, nikamaliza licence iliyoifuata, na ni baadaye tu, nilipotembelea kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake pale Uvira, CRH, ndipo nilipokaa mbele ya hadubini mpaka nikachoka kwa hiari yangu. Mtaalamu mmoja pale aliniwekea tone la maji ya ziwa, akaniacha. Niliona viumbe vidogo na mwani ambavyo nilikuwa nimevifanyia mitihani miaka mitano. Nilifurahi sana, na nikawasikitikia wenzangu tuliopanga foleni pamoja.

Nilikuwa nimeanza kazi ya asistanti wakati taasisi moja ilipoamua kufungua tawi bondeni kwetu. Ilikuwa 2009. Kwa watu wa Luvungi, Katogota na Kamanyola ilikuwa kama sikukuu. Machifu walikuja, wachungaji na mapadri walikuja, mbunge alitoa hotuba, kukachinjwa mbuzi. Masomo yangefanyika alasiri katika madarasa ya shule ya msingi, watoto wakishatoka. Niliomba kupelekwa huko, nami nikakubaliwa haraka kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuiacha Bukavu.

Nataka msomaji awaone wanafunzi wale. Mstari wa mbele walikaa walimu wa D6, wanaume wa miaka arobaini waliokuwa wakifundisha sekondari kwa diploma ya sekondari, wamekuja kwa baiskeli kutoka Lubarika na Luberizi na vumbi bado liko kwenye suruali. Nyuma yao vijana waliokuwa wamekaa nyumbani miaka mingi wakiuza mafuta ya pikipiki kwa chupa. Na pembeni, karibu na mlango, wanawake. Walikaa karibu na mlango ili mtoto akilia watoke. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakagusa kidevu, na hakuna aliyelalamika. Hawa wasingefika Bukavu kamwe. Mume asingekubali, au nauli isingepatikana, au mwanafunzi angeogopa Ngomo, ambako malori huanguka bondeni, na kama hataki Ngomo, apitie Rwanda na kulipia mipaka miwili. Tawi liliwafuata walipo. Mpaka leo naamini hilo lilikuwa jambo la haki.

Ila tawi lilikuja mikono mitupu. Agizo la kulifungua lilikuwa na muhuri na sahihi, bila mstari hata mmoja wa vitabu wala wa mshahara. Maktaba yetu ilikuwa sanduku la bati nililolihifadhi chini ya kitanda changu, na nusu ya vilivyomo vilikuwa vya baba mdogo. Maprofesa hawakuwapo, walikuwa "wageni", kama tunavyowaita wale wanaotoka chuo kimoja hadi kingine kufundisha. Mgeni alifika Jumatatu akiwa amechoka na barabara, akaanza saa mbili asubuhi chini ya mwembe, alasiri akahamia darasani, akasoma silabusi kwa sauti, wanafunzi wakaandika. Somo la saa 45, ambalo lilipaswa kulea mawazo kwa miezi, lilikwisha Ijumaa. Jumamosi mtihani, Jumapili mgeni ameondoka, kwa kuwa wiki inayofuata alisubiriwa Goma au Kindu. Sikuwalaumu. Maprofesa wa nchi yetu ni wachache, mishahara yao ilichelewa au haikutosha, na familia zao ziliishi kwa safari hizo. Mzee mmoja kati yao alikuwa mwalimu hodari kweli. Usiku alikaa nje na wanafunzi mpaka taa ya mafuta ikazimika, akijibu maswali ambayo mchana hayakupata nafasi. Ukimsikiliza ulijua nini kingewezekana kama angekaa hata mwaka mmoja.

Wageni walilipwa na nani? Na minerval. Hapa ndipo penye kidonda. Serikali ilifungua nafasi bila fedha, kwa hiyo tawi likaishi kwa idadi ya vichwa. Kila mwanafunzi aliyeondoka aliondoka na sehemu ya mshahara wetu. Mwalimu anayemrudisha mwanafunzi asiyejua kitu anajipunguzia ugali, na mkuu wa idara anayekataa kumpokea mwenye alama ndogo anasikia swali: mgeni wa mwezi ujao tutamlipa nini? Hakuna aliyetuamuru kupitisha watu. Hesabu yenyewe ilitusukuma. Na ule ufisadi unaojulikana nchi nzima, wa alama kununuliwa kwa pesa au kwa mwili, unastawi mahali kama hapo, ambapo mwalimu ana njaa na mwanafunzi hana pa kwenda kulalamika.

Jambo jingine lilinichoma zaidi kwa kuwa lilikuwa mbele ya macho. Idara zilizofunguliwa zilikuwa sheria, usimamizi wa biashara na maendeleo vijijini. Kwa nini hizo? Kwa sababu zinahitaji chaki tu. Sayansi inataka maabara, kilimo kinataka shamba la majaribio, uuguzi unataka hospitali. Chaki ni rahisi. Ndivyo upanuzi ulivyofanyika karibu kila mahali mashariki mwa nchi: kilichopanuka ni kile kisichogharimu. Na sisi tulikuwa tumekaa katikati ya bonde lenye maji, udongo na jua, umbali mfupi kutoka ziwa lenye mamia ya aina za samaki, katika miaka ambayo mihogo yetu ilikuwa inakufa.

Ugonjwa wa mozaiki ulikuwa umeshika mashamba ya Kivu Kusini. Majani yanapata mabaka ya njano, yanajikunja, mizizi inabaki myembamba kama vidole. Nilipewa kufundisha somo la mazingira kwa wanafunzi wa maendeleo vijijini, na silabusi niliyopewa ilizungumzia misitu ya nchi za baridi. Siku moja niliiacha mezani, nikawatoa wanafunzi nje hadi shamba la jirani. Nilianza kueleza jinsi kirusi kinavyosafirishwa na inzi weupe na kwa vijiti vya kupandia vinavyotoka kwenye shina lenye ugonjwa. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto mgongoni, akapita mbele. Akashika jani, akaligeuza upande wa chini taratibu kwa vidole viwili, na pale walikuwapo: vidoa vyeupe vidogo vilivyoruka mara alipopuliza.

"Hawa, asistanti? Hawa tunawaona kila siku. Tulidhani ni vumbi la majani."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wa Bukavu aliyewahi kuniuliza: kama ugonjwa uko kwenye kijiti, basi mama aliyempa vijiti amemgawia ugonjwa bila kujua, na yeye mwenyewe amewagawia wangapi? Wiki zilizofuata alihesabu mashina ya shamba lake na ya majirani, yenye mabaka na yasiyo na mabaka, akaandika kwenye daftari la watoto wa shule, akauliza kila mwenye shamba alipata vijiti kwa nani. Alichora mishale kutoka nyumba hadi nyumba. Ilikuwa kazi ya utafiti iliyo sawa kabisa, na aliifanya bila kompyuta wala hadubini, mtoto akinyonya. Nimesoma kazi nyingi za kumaliza masomo tangu wakati huo, nyingi zikiwa zimenakiliwa ukurasa kwa ukurasa. Ile ya daftari la mistari bado naiweka juu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ubora unashuka kwa sababu tumewaingiza watu wasiofaa, simkubalii. Niliwaona watu hao. Walichokosa ni kitabu, mwalimu anayekaa, na mtu wa kuwaambia kwa haki kwamba kazi hii haijafika, irudie.

Majirani zetu wamepita njia hiyohiyo. Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia mwaka 1992, na Mahmood Mamdani akaandika kitabu kizima, Scholars in the Marketplace, cha mwaka 2007, kueleza jinsi fedha za vichwa zilivyobadilisha hata aina ya masomo yanayofundishwa. Nilipokisoma nilidhani ameishi Luvungi. Tanzania nayo ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007 kikiwa na lengo la wanafunzi 40,000, na manung'uniko ya upungufu wa walimu yalisikika huko pia, lakini wao walikuwa wametunga kwanza, mwaka 2004, sheria ya Bodi ya Mikopo. Mikopo ile ina kasoro zake na vijana wengi huikosa. Hata hivyo mtoto wa mkulima wa Kigoma, ambaye anatazama ziwa lilelile tunalolitazama sisi, ana mahali pa kuomba. Wa Uvira ana gunia la mama yake.

Baadaye wakaguzi walikuja. Walihesabu vitabu, wakauliza maprofesa wa kudumu wako wapi, wakaandika kwamba mahali hapa hapastahili. Walisema kweli. Tawi likafungwa, na wanafunzi wakaambiwa wahamie Uvira au Bukavu. Wanaume wengi walihama. Wanawake wengi walibaki, na mama wa daftari la mihogo ni mmoja wao. Alifika mwaka wa pili wa graduat, akaishia hapo. Walioandika ripoti walitafuta ubora, na kwa karatasi moja wakaondoa nafasi. Kujenga kilichokosekana kungekuwa na gharama, ndiyo, lakini hakuna aliyekaa chini kuipiga hesabu.

Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 nchi imeingia katika mfumo wa LMD, licence, masta na udaktari, unaodai mwanafunzi asome mwenyewe, afanye mazoezi, apate mwalimu wa kumfuatilia. Ni mfumo mzuri kwenye karatasi. Unaposhuka kwenye chuo kisicho na maktaba, unabadilisha majina ya madarasa tu. Kisha vita vikarudi. Februari 2025 Bukavu ilitekwa, Kamanyola ikafuata, na Katogota ikawa mstari wa mbele. Desemba mwaka huohuo mapigano yalipita kijijini kwetu kuelekea Uvira, na watu wakavuka Ruzizi kwa makumi ya maelfu kukimbilia Burundi. Miongoni mwao wamo vijana waliokuwa wamelipa nusu ya minerval.

Amani itakaporudi, najua hotuba zitakuwapo tena, na mbuzi atachinjwa, na chuo kitafunguliwa bondeni. Ninawaomba wenye sahihi wafungue, wasiogope. Lakini waanze na idara moja, iwe ya kilimo au ya maji, kwa kuwa shamba na ziwa tunavyo tayari na CRH ya Uvira ina wataalamu wa kuanzia. Majina ya walimu watano watakaolala bondeni yaandikwe kwenye agizo lenyewe, pamoja na mshahara utakaolipwa na serikali, si na idadi ya vichwa. Vitabu vitangulie wanafunzi. Na kabla ya kuandikisha wapya, waitwe kwanza wale waliokatishwa masomo. Majina yao ninayo, na wengi bado wako hai.